Swala Hakuonywa, Wewe Umeonywa

Andiko la kusoma: Kutoka 21:28–29, Kumbukumbu la Torati 22:8

Hivi majuzi katika ushirika wa wanaume, ndugu mmoja anayeendesha trela kati ya Mombasa na Malaba aliuliza swali lililofanya wengi wacheke. Alisema, "Mchungaji, nikigonga swala usiku, hiyo ni dhambi ama ni ajali tu?" Mwenzake akamwambia ashukuru Mungu kwa nyama. Lakini yeye hakuwa anacheka, na mimi pia sikucheka. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu swali lake ukilichimba linafika mbali kuliko swala. Linauliza hivi: kiumbe asiyejua hatari akiumizwa na anayeijua, kosa ni la nani?

Na hili si jambo la nchi za mbali. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukitoka Naivasha ukielekea Nakuru, utaona punda milia wakila nyasi mita chache tu kutoka kwa lami. Barabara ya Emali kwenda Loitokitok inakatiza nchi ambamo wanyama wa Amboseli huzunguka wakitafuta malisho. Kule kaskazini, tangu lami ifike kutoka Isiolo hadi Moyale, hata punda milia wa Grevy wamekuwa wakigongwa, na hao wamebaki takriban 3,000 tu duniani, wengi wao hapa kwetu Kenya. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana shida hiyohiyo na ayala, yule mnyama tunayemjua kutoka Zaburi ya 42. Wanagongwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka, zaidi sana miezi ile ya mwisho wa mwaka madume yanapowafukuzia majike. Watu pia hufa katika ajali hizo.

Je, mnyama ni mjinga?

Madereva wengi wana jibu tayari. "Huyo mnyama ni mjinga. Anakuona kabisa, halafu anasimama." Ama, "Alikuwa ameshavuka, kisha akarudi." Ni kweli, anafanya hivyo. Lakini hebu tuangalie kwa nini.

Jicho la swala limeumbwa lione gizani. Nyuma yake kuna utando unaong'aa kama kioo, unaorudisha mwanga ndani ya jicho mara ya pili. Ndiyo sababu ukimmulika macho yake yanawaka. Jicho la namna hiyo linatosheka na mwanga mdogo sana. Sasa ukilimwagia taa za fulu za lori, linafurika. Wewe unamwona swala, lakini swala haoni gari. Anaona mwanga tu, na nyuma ya mwanga ni giza. Asiyeona atakimbilia wapi? Anasimama. Na kusimama si ujinga. Porini, simba na chui hugundua windo haraka likitikisika, na mnyama anayeganda mahali pake mara nyingi hupona. Wazazi wake walipona kwa kuganda. Yeye naye anaganda.

Jambo la pili ni namna anavyopima hatari. Swala akimwona simba kwa mbali hakimbii papo hapo. Kama angekimbia kila anapomwona, hangepata nafasi ya kula. Anapima umbali: akifika pale, natoka. Kipimo hicho kinamfaa, maana simba hunyemelea, hukimbia kidogo, kisha anachoka. Hata duma, mwenye mbio kuwashinda wote, anaweza kukaribia kilomita 100 kwa saa, lakini kwa sekunde chache. Gari linakuja na mwendo huohuo kutoka Voi hadi Mtito Andei na halichoki. Huko Marekani watafiti waliwaonyesha ndege video ya gari linalokuja, mara polepole, mara kwa kasi. Walikuta ndege wale wanaangalia umbali, si mwendo. Gari la polepole waliliepuka vizuri. Gari la mbio sana liliwafikia kabla hawajaruka.

Na kurudi barabarani je? Mara nyingi anarudi kwa wenzake. Usalama wa swala ni kundi, kwa hiyo akishtuka anakimbilia waliko wenzake, hata kama wako upande aliotoka. Ama ni mtoto anayemfuata mama aliyekwisha kuvuka. Ndiyo maana dereva mzoefu akimwona mmoja amepita, hakanyagi mafuta tena. Anangoja wa pili.

Mtu atauliza, kwani barabarani anafuata nini? Anafuata chakula ambacho sisi wenyewe tumemwandalia. Mvua ikinyesha, maji yanateleza kutoka kwa lami na kuingia kando. Hata wakati wa kiangazi, nyasi za kando ya barabara hubaki mbichi siku nyingi baada ya zile za ndani kukauka. Tena vichaka vimefyekwa, kwa hiyo mnyama akiwa pale anaweza kuona adui kwa mbali. Kwake hapo ni mahali pazuri kabisa. Ongeza sasa mashamba kuzungushwa waya. Njia zake za zamani za kwenda majini zinabanwa mpaka ibaki moja, na hiyo moja inatokea kwa lami. Anahama kutoka kivulini kwenda kula na kunywa jua likitua na kabla ya kupambazuka, na saa hizo ndizo za malori na matatu za kwanza. Akigongwa, fisi na tai wanakuja kumla, na wao pia wanagongwa palepale.

Kwa hiyo tusimwite mjinga. Anatumia akili aliyopewa na Muumba wake, na akili hiyo imewalinda wa jamii yake tangu zamani mbele ya simba. Sisi ndio tumeleta kitu ambacho akili hiyo haikijui, na hakuna mtu anayeweza kumweleza.

Hesabu ya breki

Tumwache swala, tuje kwa dereva. Yeye anaweza kuelezwa, basi nimweleze.

Ukienda kilomita 100 kwa saa, unapita karibu mita 28 kila sekunde. Jicho linaona, akili inaelewa, mguu unahama kutoka kwa mafuta kwenda kwa breki: hapo sekunde moja au moja na nusu imeisha, na hujaanza hata kupunguza mwendo. Kisha gari dogo lenye magurudumu mazuri kwenye lami kavu linahitaji mita nyingine 40 hadi 50 kusimama. Jumla ni kama mita 70 hadi 90. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi. Sasa, taa zako ukizipunguza kwa sababu kuna gari linakuja mbele, zinakumulikia kama mita 50 au 60 tu. Maana yake ni kwamba unachokiona huwezi tena kusimama kabla hujakifikia.

Punguza hadi 50 na hesabu inabadilika. Unasimama ndani ya mita 30 hivi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Hiyo haijali kama wewe ni dereva mzuri ama mbaya, umeokoka ama hujaokoka.

Dereva akisema, "Sikumwona," mimi namwamini. Lakini alichagua mwendo ambao haungempa nafasi ya kumwona kwa wakati. Hayo ni mambo mawili, na tusiyachanganye.

Ng'ombe mwenye pembe

Torati inatusaidia hapa kwa namna ambayo wengi hatujaitazama. Kutoka 21 inazungumzia ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akafa. Ng'ombe anauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Kisha aya inayofuata inabadilisha jambo moja. Kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga, na mwenyewe alikuwa ameonywa lakini hakumfunga, basi mwenyewe anabeba hatia. Angalia vizuri: ng'ombe ni yuleyule, pembe ni zilezile, na maiti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa ameonywa.

Kumbukumbu la Torati 19 inataja mtu anayekata kuni na mwenzake, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini kikamuua mwenzake. Huyo alipewa mji wa kukimbilia. Mungu anajua ajali ni nini. Lakini sura ya 22 ya kitabu hichohicho inamwamuru mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, ili asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Hakungoja mtu aanguke kwanza. Ukishajua kwamba paa huangusha watu, ukuta ni wajibu wako.

Najua mtu atasema sheria hizo zinahusu kifo cha binadamu, si cha mnyama. Ni kweli, na sitaki kusema swala ni sawa na mtu. Yesu mwenyewe alisema sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Lakini katika mafundisho yayo hayo alisema hakuna shomoro anayeanguka bila Baba kujua. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Na mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu akitaja sababu za kuuhurumia Ninawi, anawahesabu wanyama pia. Kitu kuwa na thamani ndogo kuliko kingine si sawa na kutokuwa na thamani.

Basi ndugu yangu wa trela, jibu langu ni hili. Kama ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa kiasi, macho mbele, na digidigi akaruka kutoka kichakani mita mbili mbele ya gari, hilo ni shoka lililotoka kwenye mpini. Huzunika, lakini usijihukumu. Lakini kama ulipita kibao chenye picha ya mnyama, saa moja jioni, ukijua ni Tsavo, na mguu haukuinuka, hapo ulikuwa umeonywa. Kibao kile hakikuwekwa kwa ajili ya swala. Swala hasomi. Kiliwekwa kwa ajili yako.

Uamuzi hufanywa mapema

Sasa kuna swali gumu zaidi. Swala yuko mita 30 mbele, upande wa pili linakuja lori, na nyuma yako kuna abiria 14. Ufanye nini? Jibu si tamu. Shika usukani, piga breki kwa nguvu, na usikwepe. Watu wengi wamekufa kwa sababu dereva alijaribu kumkwepa mnyama, gari likabingirika ama likaingia upande wa pili. Uhai wa abiria unatangulia.

Lakini ona kilichotokea. Katika sekunde ile dhamiri haina tena la kuchagua. Mlango umefungwa. Uamuzi wa kumhurumia swala, na wa kuwalinda abiria, ulipaswa kufanywa kilomita kumi nyuma, mambo yakiwa shwari na hakuna mnyama anayeonekana. Sisi wahubiri tunapenda kuzungumzia ile saa ya jaribu, mtu akiwa kwenye njia panda. Mimi nimeanza kuamini kwamba sehemu kubwa ya haki hufanyika kabla ya hapo, mahali ambapo hakuna anayetuona na hakuna kinachoonekana kuwa hatarini. Anayesema "nilijikuta tu" kwa habari ya deni, ama pombe, ama mke wa mtu, mara nyingi anasema kweli kuhusu dakika ya mwisho. Tumuulize habari za zile kilomita kumi.

Si dereva peke yake

Ingekuwa rahisi kumtwika dereva mzigo wote tukaenda nyumbani. Lakini kuna mwenye gari anayetaka hesabu fulani kila jioni, na hesabu hiyo haipatikani bila kukimbia. Kuna mwenye mzigo anayepiga simu kila nusu saa. Sheria ya Kenya inaweka kilomita 80 kwa saa kuwa mwisho kwa matatu na malori, na sisi abiria ndio tunaosema, "Dere, kanyaga, tunachelewa!"

Na sisi wapendwa? Tunapanda gari kwenda kesha, tunashikana mikono, tunaifunika barabara kwa damu ya Yesu. Amina. Kufika Sultan Hamud, yule aliyeongoza maombi anamwambia dereva aongeze mwendo kidogo kwa sababu ibada imeanza. Sidharau maombi; nisiposafiri na Bwana sisafiri. Lakini Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, Yesu alikataa. Maombi hayakuwekwa yachukue nafasi ya breki.

Wanaojenga barabara nao wana sehemu yao, na kwa upande huo kuna habari njema. Chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru kuna njia ya tembo, na tangu 2011 tembo wanaipita kati ya Mlima Kenya na nyanda za Lewa bila kukanyaga lami. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, iliachiwa mapito ya wanyama chini yake kule Tsavo. Jirani zetu Watanzania wana mbuga ya Mikumi, ambako barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita ndani ya mbuga kwa karibu kilomita 50. Wameweka matuta, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Hizo ni kuta juu ya paa. Mtu alijua, akajenga kabla ya wa kesho kuanguka.

Kutoka kwa swala hadi kwa mtoto

Pengine bado kuna msomaji anayenung'unika: "Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na wewe unatuhubiria swala?" Ndugu, dada, ni kwa sababu ya watu hao ndiyo naandika.

Mtoto wa miaka sita anayesimama kando ya barabara anapima gari kama swala. Anaona liko mbali. Hajui linakuja na mwendo gani. Ni mfupi, haoni juu ya gari lililoegeshwa. Akimwona mamake ng'ambo anamkimbilia, kwa sababu usalama wake uko pale. Mzee mwenye mtoto wa jicho akimulikwa na fulu anasimama katikati ya lami, haoni mbele wala nyuma. Kijana anayerudisha ng'ombe jioni hana hata kurunzi. Kundi kubwa zaidi la wanaokufa katika barabara zetu ni watu wa miguu, na wengi wa hao hawakuwa na njia ya kujua kile ambacho dereva alikijua.

Na maneno yanafanana. Dereva aliyezoea kusema, "Swala aliingia tu barabarani," siku moja atasema, "Mtoto aliingia tu barabarani." Ni sentensi moja, amebadilisha jina tu. Lakini yule aliyezoea kuinua mguu akiona kibao cha mnyama, mguu wake umeshafundishwa. Akifika karibu na shule hahitaji kufikiri.

Yesu alisema katika Luka 12 kwamba aliyepewa vingi, kwake vitatakwa vingi. Barabarani aliyepewa vingi ni mwenye usukani. Amepewa nguvu, mwanga, kioo, vibao na sheria. Swala hakupewa hata kimoja, na mtoto amepewa kidogo sana.

La kufanya wiki hii

Ukiendesha gari, punguza mwendo jua linapotua na kabla ya kupambazuka, hasa ukiona kibao cha mnyama ama nyasi mbichi kando ya barabara. Ukimwona mmoja, ngoja wa pili. Akiganda mbele yako, punguza mwendo, teremsha taa zako, umpe nafasi ya kuona, na upige honi kidogo.

Ukimgonga, egesha mahali salama, washa taa za tahadhari, na uripoti kwa polisi ama kwa KWS. Usimkaribie aliyeumia, anaweza kukuumiza. Na ile nyama iache. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kuibeba, na hata bila sheria, si vizuri mtu afurahie kitoweo palipomwagika damu kwa haraka yake.

Ukiwa abiria, usimharakishe dereva. Akikimbia, mwambie kwa heshima, "Dere, pole pole, tutafika." Ukiwa na gari la biashara, keti na dereva wako mpige hesabu upya, muone kama anaweza kuifikisha bila kuvunja sheria. Kama haiwezekani, basi hesabu hiyo ni yako wewe, na mbele za Mungu hutasema hukuonywa, maana leo umesoma.